Lenzi ya Chumba Chenye Mapazia

Jumatatu, 3 Juni

Paspoti saizi kumi na nne leo. Wanafunzi wa chuo, wote wana haraka, wote wanataka kutoka weupe. Baridi ya kukata masikio. Shuka la bluu la nyuma limepata doa la chai, na aliyemwaga ni mimi.

Saa saba simu kutoka Iringa. Bi Zuhura. Nilimpiga picha ya pasipoti mwaka jana alipokuja Mbeya kumwona dada yake, akasema ndiyo picha ya kwanza maishani mwake inayofanana naye. Sikujua kama bado ananikumbuka. Anamwoza binti yake, Rahma, mwisho wa mwezi. Siku moja kabla ya ndoa kuna shughuli ya wanawake watupu: bi harusi anakaa kichwa wazi, bibi yake anampaka mafuta na kumsuka, wenzake wanamwimbia. Mwanaume hasogei hata dirishani. Wanataka mpiga picha mwanamke. Wananitaka mimi.

Nimeitikia kabla hajamaliza kusema. Ndipo yakaja masharti. Mapazia yatafungwa kutwa nzima. Na flashi marufuku, kwa sababu bibi wa Rahma, Bibi Mwanaisha, katolewa mtoto wa jicho juzijuzi na mwanga wa ghafla unamuumiza.

Nimesema hakuna shida. Shida ipo, tena kubwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga mapazia ya sebuleni na kumkalisha Ambakisye kwenye kochi. Mume wangu ni fundi majokofu, akiambiwa atulie anatulia. Picha kumi, zote zimetikisika. Nimepandisha ISO, ile ya kuisaidia kamera kuona gizani, mpaka mwisho, zikatoka chengachenga tupu, uso kama uji wa ulezi usiochekechwa. Ambakisye kaziangalia akasema huyo si yeye, huyo ni marehemu mjomba wake.

Kamera yangu ni ile ya wanaoanza. Lenzi iliyokuja nayo ni ya kazi zote, maana yake nje juani ni nzuri na ndani kwenye kiza ni kipofu. Nahitaji lenzi nyingine. Akiba ya printa ipo. Printa itasubiri.

Miaka tisa napiga paspoti saizi. Tisa! Wenye harusi wakija studio wanaulizia mpiga picha yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao. Leo nimegongomea msumari ukutani, pale pembeni ya kioo, mtu akiingia tu anauona. Picha ya Iringa itaning'inia hapo. Wataacha kuuliza.

Jumatano, 5 Juni

Dukani kwa Mzee Nanji. Anauza kamera na lenzi zilizotumika, baba yake aliuza filamu hapohapo. Sikwenda na kamera yangu. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu. Ni ndogo, ya plastiki, mkanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Mzee akauliza natumia kamera gani. Nikamwonyesha dubwana lake lililokuwa kaunta, nikasema kama hiyo yako tu.

Niliona lenzi ndefu nikaipenda hapohapo. Ndefu kama chupa ya chai. Mbeya hii ukienda shughulini na lenzi ndefu unapishwa njia, unaitwa fundi, unapelekewa sahani kabla ya wageni. Ukienda na fupi unaulizwa kama umekuja na mwenzako. Bei yake ilikuwa sawasawa na akiba yangu. Nilishatia mkono mkobani.

Mzee hakupokea hela. Ana desturi yake: hauzi lenzi mpaka mnunuzi aijaribu mahali atakapoitumia. Nikamweleza chumba cha mapazia. Akanipeleka stoo, akafunga mlango, akaacha taa moja ya juu. Akaifunga ndefu kwenye dubwana lake, nikapiga maboksi ya rafuni. Kiza na ukungu. Akaitoa, akafunga kifupi kimoja kinene, cha milimita hamsini, tundu lake kubwa kama jicho la bundi. Nikapiga. Nikasoma maandishi ya kwenye boksi, mpaka utepe uliochanika nikauona.

Vifupi vilikuwa viwili. Kimoja kipya kipya, bei ya juu. Kingine cha zamani, kizito, bei karibu nusu. Nikasema kioo ni kioo, nipe cha zamani. Nimerudi nyumbani natembea kama niliyeokota.

Alhamisi, 6 Juni

Haifokasi.

Nimeifunga kwenye kamera yangu asubuhi. Nabonyeza, kimya. Nimesafisha vyuma, nimezima nimewasha, nimeomba. Kimya. Ambakisye akaigeuza akasema mbona hii haina mota. Akabonyeza tena. Haina mota, mke wangu, wala kamera yako haina ya kuizungusha. Mtu anayetengeneza majokofu ameona kwa dakika moja nilichoshindwa kuona mimi.

Nina hasira. Nimekwenda dukani nikiwa na maneno yangu yote tayari. Mzee Nanji akaniachia niyaseme. Kisha akaniuliza taratibu, "Binti, nilikuuliza kamera yako au sikukuuliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Dubwana lake lina mota ndani, linaizungusha lenzi lenyewe. Kamera ndogo kama yangu haina, inataka lenzi yenye mota yake. Kile kifupi kipya ndicho kilikuwa nayo. Kimeuzwa asubuhi hii kwa mtu wa Tunduma.

Mficha uchi hazai. Mama alikuwa akisema hivyo kila siku, mimi nikidhani ni mambo ya uzazi tu.

Mzee hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema miaka yake ya ujana hakukuwa na mota yoyote, watu walizungusha kwa mkono na harusi zilipigwa. Akanionyesha pete ya lenzi. Akanionyesha kidoti cha kijani chini ya kioo cha kuchungulia, kinawaka pale picha inapokuwa wazi. Miaka yote nina kamera hii sijawahi kukijua kidoti hicho.

Jumamosi, 8 Juni

Nazungusha kwa mkono. Nimepiga kuku wa jirani picha arobaini. Kuku wawili wameonekana. Mama Joshua wa genge la ndizi kaniuliza kama nimeajiriwa na watu wa takwimu.

Kidoti ni kizuri kama kuna mwanga. Ndani ya mapazia kinawaka, kinazima, kinawaka. Sikiamini.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata njia. Wazo limetoka kwa fundi cherehani wa mlango wa pili. Nilikuwa namwangalia anavyopima mteja, nikajiuliza kwa nini nabahatisha kwa macho wakati umbali unapimika.

Nimechukua kamba ya pamba, nimefunga mafundo matatu: mita moja na nusu, mita mbili, mita tatu. Nimeweka kigoda kwenye fundo, nimezungusha lenzi mpaka uso wa Ambakisye ukawa kama wembe, nikatia alama kwenye pete kwa rangi ya kucha. Fundo la kwanza nyekundu. La pili nyeupe. La tatu pinki, kwa sababu rangi nyingine zimekauka. Sasa napima kwa kamba, nakaa, nazungusha mpaka rangi, napiga. Picha kumi, saba safi. Mapazia yamefungwa!

Shida yake: akitikisa kichwa mbele kidogo tu anatoka kwenye wazi, anakuwa ukungu. Ambakisye hatikisiki. Wanawake kwenye shughuli hawatulii.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Studio nimefunga. Bi Zuhura kapiga kunitakia heri, ingawa mimi ni mtu wa kanisa la Moravian, na kunikumbusha tarehe. Akaongeza jambo ambalo limeniondolea hamu ya kula. Mlangoni kutakuwa na kikapu, kila mgeni ataacha simu humo. Mwaka juzi picha ya bi harusi mmoja kichwa wazi ilizunguka kwenye simu mpaka ikamfikia mchumba mwenyewe kabla ya ndoa. Kwao hilo halitarudiwa. Kwa hiyo humo ndani kamera itakuwa moja, yangu.

Nikikosa mimi, hakuna picha. Hakuna hata ya kuazima. Rahma hatakuwa nayo, Bibi Mwanaisha hatakuwa nayo, na mimi nitarudi kwenye shuka la bluu mpaka nizeeke.

Ninaogopa. Nimefanya mazoezi mchana kutwa.

Jumanne, 25 Juni

Iringa. Nimefikia Ipogolo kwa mama mdogo Sekela, aliyeolewa na Mhehe na sasa ni Mhehe kuliko wao. Salamu zote za Kihehe, kamwene, kamwene, mpaka nimesahau Kinyakyusa. Amenipa ugali na maswali.

Nimewapiga picha ya familia uani kuwashukuru. Tundu la lenzi nimeliacha wazi kabisa, jinsi nilivyozoea. Picha tamu, nyuma kumeyeyuka laini, nikawa najisifu kimoyomoyo. Mama mdogo akaangalia kwenye kioo cha kamera. Kisha akauliza kwa nini nimemfuta baba mdogo. Alikuwa amesimama nyuma yake hatua moja tu, ametoka kama moshi. Nikaeleza kwamba huo ndio mtindo, watu hulipia. Akasema alipie nani kumfuta mume wake? Baba mdogo alivaa kofia akaondoka.

Nimerudia jioni kabla jua halijazama. Tundu nimelipunguza, wote mstari mmoja, bega kwa bega. Baba mdogo kacheka. Ninashukuru limenipata hapa, lisingenifaa kunipata keshokutwa mbele ya mashangazi thelathini.

Alhamisi, 27 Juni

Nimechoka ila nikilala nitasahau. Naandika.

Nilifika saa nne asubuhi. Nyumba kubwa, baridi ya Iringa mlangoni, ndani joto la watu na udi. Kikapu kimejaa simu. Mapazia mazito ya rangi ya zabibu. Taa moja ya juu. Nikapima kwa kamba kutoka mkeka wa Rahma, nikaweka kigoda changu fundo la kwanza. Wanawake wakaniangalia na kamba yangu. Mmoja akaniuliza kama fundi mwenyewe yuko njiani. Nikamwambia ndiye mimi. Akaiangalia lenzi yangu fupi, akamwangalia mwenzake.

Saa sita Bibi Mwanaisha akaingia, kashikwa mkono. Mdogo, mweupe wa nywele, miwani myeusi. Nikamwamkia. Akaniuliza kama kile kitu changu kinapiga radi. Nikasema hapana bibi, hiki hakina radi. Akasema vizuri, akavua miwani.

Akakaa nyuma ya Rahma, akachovya vidole kwenye mafuta. Nikazungusha mpaka nyekundu. Na umeme ukakatika.

Kiza. Wanawake wakaguna wote pamoja. Nikasubiri dakika tano, kumi. Mtu akasema leteni tochi za simu, Bi Zuhura akasema kikapu hakifunguliwi. Mtu akasema fungueni pazia kidogo, wakamkemea wote. Huko mbele ya nyumba wanaume wamejaa kwenye maturubai. Bibi akasema yeye anaendelea, mikono haihitaji taa. Akaanza kusuka. Jambo lenyewe nililoletwa kulipiga likaanza mbele yangu na mimi sioni pete ya lenzi.

Nikakumbuka nilipopita asubuhi: kuna mlango wa pili, wa kwenda uani, ukuta pande zote. Nikamnong'oneza Bi Zuhura tuufungue. Akasema uani kuna wapishi wa pilau, wanaume wanne, ndiyo maana umefungwa. Nikamwambia, "Mama, watoke dakika kumi tu. Bila mlango ule sina picha hata moja."

Akanitazama. Nilidhani atakataa. Akajitanda khanga, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka. Tukamsikia upande wa pili wa ukuta akibishana na mpishi mkuu, mzee mwenye sauti ya muadhini. Mzee anasema pilau ndiyo kwanza inakauka, ikiungua lawama ni ya nani. Bi Zuhura anasema yake. Mzee anasema wageni mia mbili. Bi Zuhura anasema mama yake ni mmoja. Kisha tukasikia makaa yanapunguzwa na viatu vikitoka.

Mlango ukafunguliwa polepole, Bibi kafumba macho mpaka akauzoea mwanga. Mwanga ukaingia upande mmoja, mweupe, mtulivu, wa siku ya mawingu. Sijawahi kupata mwanga kama ule na sikuulipia. Nikaomba wasogeze mkeka kidogo, nikavuta kamba tena, nikakaa. Nyekundu. Napiga. Bibi anasuka, napiga. Rahma kafumba macho, napiga.

Kisha Bibi akamaliza. Akamgeuza mjukuu wake kwa mabega ili amwone. Akasema alipoacha kumwona vizuri alikuwa na miaka kumi na sita, bado ana chunusi. Akainama, akamsogelea, karibu kabisa, akawa anamwangalia tu. Akatoka kwenye fundo langu. Alama haina kazi, kidoti sikukitazama. Nikamfuata kwa mkono, taratibu, mpaka nikaona kope. Nikabonyeza mara tatu.

Wanawake walikuwa wanalia. Na mimi pia, ndiyo maana sina uhakika na nilichopiga.

Pilau iliungua chini kidogo. Ukoko wake watu wamegombania.

Ijumaa, 28 Juni

Nimeziangalia kwenye kompyuta ya binti wa mama mdogo. Picha mia tatu na kitu. Zaidi ya nusu hazifai, naandika hivyohivyo. Zimetikisika, zimetoka nje ya wazi, nyingine nimepiga goti la mtu. Zilizobaki ni nzuri.

Na zile tatu za mwisho: mbili ukungu. Moja iko wazi. Jicho la Bibi lina maji na ndani yake mlango wa uani unaonekana mdogo mweupe. Pua ya Rahma inakaribia kugusa ya kwake. Nyuma kumeyeyuka kote na hakuna mtu wa kulalamika.

Nimepiga yowe. Mama mdogo kaja mbio na mwiko.

Hii ndiyo ya msumari.

Jumamosi, 29 Juni

Ndoa ilifungwa jana baada ya swala, salama. Leo nimempelekea Bi Zuhura picha. Ile moja niliipeleka kwa flashi diski mjini, kwa mama mmoja mwenye printa, nikamchapishia kubwa kabisa. Aliishika muda mrefu. Akakaa nayo chini.

Kisha akampelekea mama yake dirishani. Bibi akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akauliza, "Huyu kizee ni mimi?" Akaambiwa ndiye. Akasema basi amezeeka vizuri.

Nikaona ndiyo saa yake, nikaomba ruhusa ya kuitundika studio. Bi Zuhura akashtuka, mpaka nikajuta. Akaniambia kwa upole. Picha hii haitatundikwa hata ukutani kwake. Itakaa kabatini, chini ya khanga, wanawake wakija itatolewa waione, kisha itarudishwa. Kichwa cha Rahma kiko wazi, na Bibi pia. Akaniomba na mimi nisibaki nayo.

Nilijua. Kikapu cha simu nilikiona kwa macho yangu, sikutaka tu kukiunganisha na msumari wangu. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na hakuna atakayejua kwamba nimeipiga.

Nimefuta palepale, mbele yake. Kwenye kadi na kwenye flashi diski. Kidole kilikuwa kizito. Bibi Mwanaisha akaniambia nisogee, akanipaka kichwani mafuta yaliyobaki kwenye kichupa, mimi Mnyakyusa wa kanisani, akanisomea dua ambayo sikuelewa hata neno. Nikaitikia amina.

Jumanne, 2 Julai

Mbeya. Paspoti saizi kumi na moja. Msumari uko mtupu. Ambakisye akataka kuung'oa, nikamgombeza bila sababu, kisha nikamwomba radhi. Nina huzuni na sioni aibu kuiandika.

Alhamisi, 11 Julai

Simu kutoka Mgololo. Mama mmoja, mumewe anafanya kazi kiwanda cha karatasi. Anamwoza binti yake Agosti. Nikauliza nani kakupa namba yangu. Akasema alikuwa kwa Bi Zuhura wiki iliyopita, akafunguliwa kabati. Akasema yeye na binti yake wanataka moja ya kwao. Akauliza kama nitahitaji mlango wa uani, ili waanze kuzungumza na wapishi mapema.

Nimemwambia ndiyo. Safari hii nimesema pia kamera yangu ni ndogo. Akasema wanajua, wameambiwa.

Mchana kapita Mzee Nanji, kapata lenzi nyingine yenye mota, anasema ananibadilishia kwa kuongeza kidogo. Nimemshukuru. Nimesema bado.

Saa kumi na moja nimefunga studio. Kamba ya mafundo nimeitundika kwenye msumari.